Mshipa Mwekundu wa Dada Yangu

Dada yangu alipoambiwa kwamba mshipa wa fahamu wa mguu wake umekaza, niliona gere. Watu huoneana gere kwa nyumba, kwa mume, kwa mtoto aliyefaulu mtihani. Mimi nilimwonea mshipa. Nilikuwa nimesimama ukutani katika chumba kidogo cha kupimia pale Bilele, mjini, maana kukaa kulinitesa, nikiutazama kwenye skrini ukiwaka mwekundu kama pilipili mbivu. Nikajiuliza ni kitu gani hapa duniani ambacho huyu mwanamke hajakipata kabla yangu, hata kama ni ugonjwa. Mama yetu alikuwa amekaa kwenye kiti, upande wa miguu ya dada.

Mama anaishi Kagoma, katika kibanja tulichozaliwa, migomba na kahawa mpaka mlangoni. Binamu aliyekuwa akikaa naye aliolewa akaenda zake Biharamulo, na mama akabaki peke yake na jembe ambalo sasa linamshinda. Tuna kaka Mwanza. Kibanja ni chake, kwa mila. Jembe ni letu sisi mabinti, na hakuna aliyewahi kutuuliza tunalionaje jambo hilo. Basi mama akatupigia simu sote wawili, akasema mmoja wetu arudi nyumbani akae naye. Hakutaka kuchagua yeye. Alisema tu, "Mwenye mguu mzima ndiye aje."

Shida ni kwamba sote tulikuwa tunachechemea. Dada, anayekaa Kibeta, aliumwa mguu wa kushoto. Miaka yote amebeba mikungu ya ndizi kutoka kwenye shamba lake mpaka barabarani, na kila mtu alimwona akiibeba, kwa hiyo kila mtu alimwamini. Wangu ni wa kulia. Mimi ni fundi cherehani. Maumivu yanaanzia kalioni, yanateremka nyuma ya paja kama mtu anakupitishia waya wa umeme, yanazunguka shavu la mguu na kuishia kwenye vidole. Lakini nani alimwona mtu akiumia kwa kukanyaga cherehani? Mama alikuwa na neno lake: "Anayekaa kutwa anaumwa na nini?" Alilisema akicheka, na shangazi wakacheka, nami nikacheka nao. Kisha nikarudi Bilele nikashona suruali za shule kwa hasira mpaka uzi ukakatika.

Wivu huu sikuuanza juzi. Tukiwa watoto, senene wakishakaangwa, mama alitufungia kila mmoja sehemu yake kwenye jani la mgomba, nami nilikuwa na tabia ya kuvipima vifurushi viwili kwa mikono kabla sijafungua changu. Cha dada kilikuwa kizito. Nikilalamika, mama alisema ni jani ndilo zito. Nguo mpya ilishonwa kwa kipimo cha dada, na ilipombana ikawa yangu. Watu huniuliza nilipataje wito wa ushonaji. Nilianza kushona ili nivae nguo ambayo haikuanzia mgongoni mwake.

Tangazo lilisomwa kanisani baada ya misa. Kijana mmoja amekuja kutoka chuo kikuu, anawatafuta watu wenye maumivu yanayotoka kiunoni na kushuka mguu mmoja, ugonjwa ambao madaktari wanauita sayatika. Ana mashine ya ultrasaundi kama ile ya wajawazito, ila yake inaweza kuonyesha jinsi mshipa mkubwa wa nyuma ya paja ulivyo laini au mgumu. Hapa palikuwa na kitu ambacho kingeweza kunisemea kwa mama. Sikumwambia dada hata kidogo. Lakini Kibeta nako kuna kanisa, na mchana ule ule dada alinipigia simu akifurahi kwamba ameshatuandikisha sisi wawili. Hata wema wake hunitangulia.

Mama naye akaja mjini. Alisema anataka kuona kwa macho yake. Alifikia Kibeta, kwa dada, nami sikushangaa.

Kijana yule alikuwa mpole, wa kutoka Pwani, mwenye kumsalimia kila mtu. Alimwona mama akiitazama mashine kwa mashaka, akaona amweleze yeye kwanza.

"Bibi, chukulia kamba ya kuanikia nguo. Ikilegea, ukiigusa inachezacheza tu. Ikikazwa, ukiigusa mtikisiko unakimbia upesi mpaka mwisho. Hii mashine inatuma mtikisiko mdogo sana ndani ya paja, halafu inaangalia unakimbia vipi kwenye mshipa. Ukikimbia sana, mshipa ni mgumu, na hapa tutaona rangi nyekundu. Ukienda polepole, tutaona bluu."

"Kwa hiyo mwenye nyekundu ndiye mgonjwa," mama alisema.

"Hapana, bibi. Haipimi maumivu. Mtu anaweza kuwa na bluu na bado akaumwa sana. Ndiyo kwanza tunajifunza."

"Nimekusikia, waitu," mama akasema, kwa neno letu la heshima, na nilimjua vizuri kiasi cha kutambua kwamba ameshaamua vingine.

Dada alitangulia. Alilala kifudifudi, kitenge kikamfunika, miguu ikining'inia kidogo mwisho wa kitanda. Chumba kilikuwa chembamba na kiti kilikuwa kimoja, na kimewekwa pale pale, kwa hiyo nyayo zake zilikaribia kumgusa mama magotini. Nyumbani kwetu mtoto wa kike hamwelekezei mzazi nyayo. Tuliketi juu ya majani yaliyotandazwa sebuleni, miguu imekunjwa upande mmoja, na aliyejisahau alipigwa kofi la ugoko. Dada hakujali. Alisema, "Mama, nisamehe kwa nyayo," akicheka, na mama akacheka pia. Kisha mama akazichukua nyayo zile kwa viganja vyote viwili, akazishika, akawa anazisukuma na kuzikanda kwa vidole gumba, kama alivyotukanda tukitoka kwenye mvua.

Nasema alivyotukanda, lakini kwa kweli namkumbuka akimkanda dada.

Kijana alikuwa ameinamia paja, jeli mkononi, macho kwenye skrini. Kile kifaa chake kilikaa bila kukandamiza. Aliweka rangi juu ya picha, na katikati ya weusi na kijivu mshipa wa dada ukawaka. Alipima tena na tena, akapima na mguu mzima, akasema tofauti ipo na inaonekana wazi. Mama alitikisa kichwa polepole, bado ameshika nyayo.

Zamu yangu ikafika. Nililala, nikafunikwa, nikaihisi jeli ya baridi nyuma ya paja. Mama alikuwa bado pale kwenye kiti. Nilinyoosha mguu kidogo, nikahisi vidole vyangu vimeelekea usoni kwake, nikashindwa. Ningemwambiaje anisamehe kwa nyayo? Maneno hayo yalikuwa yameshatumika, na yakitoka kwangu yangekuwa utovu wa adabu. Mikono yake ilikuwa mapajani kwake imetulia. Nikaukunja mguu ule mbaya kidogo tu, goti likatokeza kando chini ya kitenge, nikageuza nyayo pembeni kama nilivyolelewa.

"Legeza mguu, mama," kijana alisema.

"Nimelegeza," nikamjibu.

Ikatoka bluu. Alihamisha kifaa juu, akakishusha, ikawa bluu. Mguu mzima nao ulikuwa bluu. Alisema hakuna tofauti kubwa, akakumbusha tena kwamba hiyo haina maana siumwi, lakini maneno hayo yalipita juu ya kichwa cha mama kama ndege. Mama alisimama akajifunga kitenge vizuri.

"Basi," akaniambia. "Utakuja kabla mvua hazijaanza. Palizi iwahi."

"Mama, na yeye anaumwa," dada akasema. "Usiku akilala kwangu huwa nasikia anavyogeuka."

Nilitamani anyamaze. Kama kuna kitu kichungu, ni kutetewa na mtu ambaye mshipa wake umewaka, wewe ukiwa umelala pale na bluu yako. Nikasema nitakwenda, hakuna neno, nikajipangusa jeli na kutoka nje.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu mbaya. Niliwaambia wateja kwamba nafunga, wachukue vitambaa vyao, na aliyeuliza sababu alijibiwa kwa mkato. Jioni nilikaa kitandani nikaubonyeza mguu wangu nyuma ya paja na kuutukana. Unanichoma usiku kucha, nikauambia, unaninyima usingizi, halafu ukiitwa mbele za watu unajifanya laini. Nilimfikiria dada kule Kibeta akiletewa uji. Nilimfikiria akihadithia wekundu wake kwa majirani, ingawa najua dada si mtu wa kujisifu, na hilo nalo lilikuwa moja ya mambo yaliyoniudhi kwake.

Nilikuwa nakata kitambaa kijana yule aliponipigia simu. Alianza kwa kuomba radhi. Alisema amezipitia picha za siku ile na haziamini, kwa sababu miguu yetu haikukaa namna moja. Goti likikunjwa, mshipa hulegea, hata ulio mgumu utaonekana laini. Na wayo ukisukumwa kuelekea juu, mshipa hujivuta, huonekana mgumu kuliko ulivyo.

"Nilikosea mimi," alisema. "Bibi nilimweka mahali pabaya. Alikuwa amezishika nyayo za dada yako muda wote, nami nilikuwa naangalia skrini tu. Naomba mrudi wote wawili."

Niliweka mkasi chini. Ningepaswa kufurahi, na kwa kweli nilifurahi, lakini kwanza kulikuja jambo jingine. Kumbe sehemu ya wekundu ule ilikuwa mikono ya mama. Mashine iliona alivyomshika. Na kwangu iliona vile ambavyo sikushikwa, ikaandika bluu. Niliona wivu pale dukani mpaka nikahisi joto masikioni.

Tulirudi, na mama akaja tena, maana alisema jambo lililobadilishwa bila yeye kuwapo halitamwingia. Safari hii kijana alikihamisha kiti upande wa kichwani. Mwisho wa kitanda aliweka kibao cha kuegemezea nyayo, ili kila anayelala akae sawasawa na mwenzake. Akaniomba nitangulie mimi. Nakumbuka nilimtazama dada nione kama ataudhika, naye alikuwa anashughulika na simu yake.

Nikalala. Nyuma yangu hapakuwa na mtu, ni kibao na ukuta. Kijana aliushika mguu wangu, akaunyoosha taratibu mpaka goti likatulia kitandani. Maumivu yalishuka kutoka kalioni hadi kwenye kisigino, nikauma midomo nisipige kelele. Uso wangu ulikuwa umegeukia upande, na mbele yangu, karibu kabisa, ulikuwa uso wa mama. Hakuwa ametazama skrini. Alikuwa ananitazama mimi, jinsi macho yalivyonijaa machozi na jasho lilivyonitoka puani.

"Kumbe," mama akasema.

Aliinua ncha ya kitenge chake akanifuta pua. Miaka yote niliyoeleza, nikachechemea mbele yake, nikaongeza chumvi pale ilipopungua, sikuwahi kulipata neno hilo, na sasa nimelipata nikiwa nimelala kama gunia. Nilitaka kipimo kisiishe.

Mshipa wangu ulikuwa mwekundu. Nililazimika kugeuza shingo ili nione, na kijana akanizuia nisijitikise, lakini niliona. Mguu mzima ulikuwa na bluu yake, huu mwingine unawaka. Kisha dada akalala, nyayo kwenye kibao, na wekundu wake wa siku ile ukawa rangi ya chungwa, tena wa kupauka. Tofauti ilikuwapo, kijana alisema, ila ndogo. Akarudia kama kasuku wa watu kwamba rangi si maumivu, kwamba kila mmoja wetu aendelee kutembeatembea na mazoezi aliyotuonyesha, kwamba hakuna anayepaswa kupangiwa kazi kwa picha hizi. Mama alimshukuru sana. Tulipofika nje akamgeukia dada.

"Basi ni wewe."

"Basi nitakuja mimi," dada akasema, kana kwamba ameambiwa akanunue chumvi.

Alipaswa kununa. Ningekuwa mimi ningenuna mpaka Pasaka. Yeye alinishika kiwiko tukivuka barabara, akasema, "Pole, mdogo wangu, sikujua umeumia kiasi hicho." Nikasema ahsante. Ndani yangu nilikuwa nacheza ngoma. Nilipita sokoni nikanunua sato mzima, nikala peke yangu, na usiku ule nililala upande wa mguu mbaya bila kujali.

Dada alifunga nyumba yake Kibeta, mbuzi akamwachia jirani, akaenda Kagoma. Mvua zikaanza. Wateja wangu walirudi, nikashona. Furaha yangu ilidumu muda, siwezi kusema haikudumu. Lakini zamani mama alikuwa akinipigia simu jioni kunilalamikia: kuku, majirani, kaka asiyetuma salamu. Mimi ndiye niliyekuwa sikio lake, dada alikuwa hapendi malalamiko. Sasa simu hazikuja. Nikipiga mimi, inapokelewa na dada, na nyuma yake nasikia mama akiongea, tena si na mimi, na sufuria zikigongana. Niliuliza kuna nini huko mnachekea. Dada akasema, "Aa, hakuna, ni mama tu." Nikakata simu nikakaa nayo mkononi.

Mwisho nilishindwa. Nilimshonea mama gauni, kitambaa kizuri cha zambarau, bila kipimo, maana mwili wake naujua, nikapanda gari la Muleba nikashuka Kagoma.

Niliwakuta kibanjani. Dada alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, kwa kuwa kuinama kunamuumiza, akipalilia kwa jembe la mpini mfupi. Mama alikuwa amekaa kando yake juu ya majani makavu ya mgomba, anang'oa magugu kwa mkono na kuyarushia nyuma. Dada alipochoka aligeuka akakaa, akanyoosha mguu wake mbele ya mama, wayo wote umejaa tope, na mama, huku akiendelea na hadithi yake, akamkwangua tope kwa kijiti. Walicheka kitu ambacho sikukisikia. Nilisimama kwenye njia na gauni langu kwenye mfuko, na niliona wivu kuliko siku zote za maisha yangu. Nilimwonea dada lile jembe. Nilimwonea magoti yake machafu.

Nikavua viatu nikaanza kuingia.

"Usiingie huku, mwana wange!" Mama aliinuka haraka kuliko nilivyodhani anaweza. "Utaumiza mguu."

"Nataka kusaidia kidogo tu, mama. Dada apumzike." Nilinyoosha mkono kwa dada anipe jembe, na dada akataka kunipa.

Mama akamzuia. "Hapana. Tulionyeshwa wote. Nimeona kwa macho yangu unavyoumwa." Alinishika mkono, kwa upole kabisa, akanigeuza nilikotoka. "Twende ukakae."

Sebuleni majani yalikuwa yametandazwa mapya, bado yananukia. Nilitaka kukaa chini, miguu upande, kama zamani. Mama akakataa, akaleta kiti, akaweka na mto. Nikampa gauni. Alilikunjua, akalishika mbele ya kifua, akasema, "Ahsante sana, umehangaika," akalikunja tena vizuri kwenye mikunjo yake na kuliweka juu ya kabati. Kisha akaingia ndani. Nilimsikia akifunua kitu.

Alirudi na kile kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna. Nakijua tangu nikiwa mtoto. Mgeni akifika, mimi ndiye niliyetumwa kukileta, na mama ndiye aliyekipokea na kumtolea mgeni. Sisi wa nyumbani hatukutolewa, tulijichotea wenyewe tukipita. Sasa alikuja nacho mpaka kwenye kiti changu, akainama kidogo, akanipa kwa mikono yote miwili.

"Mama," dada akaita kutoka kibanjani, "hili nalo ning'oe?"

"Nakuja!" mama akajibu, lakini alisubiri kwanza nichukue.

Nikachukua punje moja, nikashukuru kama wageni wanavyoshukuru, naye akatoka.